Fimbo Iliyokuwa Yangu

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema kabla msomaji hajanidhania mengine. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na methali hiyo nimeishi nayo vizuri miaka yangu yote. Nilipokuwa mpishi kwenye kambi za watalii kule juu, upande wa Nainokanoka, sikuwahi kwenda chooni jioni bila kusindikizwa na mlinzi. Mlinzi wetu alikuwa Mmaasai mtu mzima, mpole, na nadhani kunicheka ilikuwa sehemu ya mshahara wake. "Mpishi," aliniambia siku moja tukiwatazama nyati wakila majani karibu na mahema, "huyu akikujia usikimbie. Lala kifudifudi, ushike nyasi. Pembe zake zimepinda, mtu aliyelala hawezi kumchota." Nililishika somo hilo kuliko nilivyoshika katekisimu. Nyati hakunijia hata siku moja. Walionijia ni watu, tena Wakristo wenzangu, tena asubuhi, jua likichomoza.

Lakini nianze na ng'ombe, maana bila ng'ombe hakuna atakayenielewa.

Kwetu, sisi Wairaqw, mwenye akili haweki ng'ombe wake wote kwenye zizi moja. Anapeleka wawili kwa rafiki huku, mwingine kwa rafiki kule, ili ugonjwa ukipiga boma moja asibaki mikono mitupu. Rafiki anakunywa maziwa na kupata samadi, wewe unabaki na ng'ombe wako. Ila jambo hilo ni siri ya wawili. Jirani hapaswi kujua ng'ombe yupi ni wa nani. Ukiona zizi limejaa hujui kama mwenyewe ni tajiri, na ukiona zizi tupu hujui kama mwenyewe ni maskini, na kwa namna hiyo kila mtu analala na heshima yake. Ni utaratibu mzuri. Ulikaribia kuniua.

Baba yangu aliumwa tumbo kwa muda mrefu bila kumwambia mtu, na mficha maradhi kifo humuumbua. Nilipoitwa kutoka kambini nilimkuta nyumbani kwetu Kansay amekonda, tumbo limevimba, anasema ni gesi. Daktari mjini Karatu alisema apelekwe hospitali kubwa haraka. Ndipo baba aliponiita karibu na kitanda, akawatoa dada zangu nje, akaniambia kwamba ng'ambo ya bonde yuko ng'ombe wake mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Alikuwa ameachwa kwa rafiki yake wa zamani. Rafiki alishakufa, lakini mjane wake alikuwa bado anamtunza.

"Nenda alfajiri," baba alisema. "Usimpitishe mbele za watu. Ukiulizwa ni wa nani, funga mdomo. Usinivue nguo nikiwa kitandani."

Nilikwenda. Upande ule wa bonde sikuwa najulikana, kwa sababu ujana wangu wote niliumalizia milimani nikiwakaangia watu mayai. Yule mama nilimkuta ameshaamka, anakamua. Alikuwa mwembamba, mrefu, na shuka lake la bluu alilifunga begani kwa fundo kubwa. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa maziwa kwenye kibuyu, kisha akanifungulia ng'ombe bila maneno mengi. "Msalimie baba yako," alisema. "Mwambie ng'ombe wake amezaa vizuri hapa kwangu." Hakunisindikiza. Angenisindikiza, majirani wangejua kuna jambo. Nikaondoka peke yangu, nimeshika kamba, nikijisifu moyoni kwamba kazi imekwisha.

Sikujua kwamba siku chache kabla ya hapo watu wa upande ule walikuwa wameibiwa mifugo. Niliposhuka kwenye korongo nikakutana na vijana wawili wenye majembe. Wakamtazama ng'ombe, wakanitazama mimi.

"Ng'ombe wa nani huyo?" mmoja akauliza.

Nikanyamaza. Katika Injili imeandikwa kwamba Yesu naye alinyamaza mbele ya Pilato, na mapadre wanauchambua ukimya ule kwa kina. Yeye alikuwa na sababu zake. Mimi nilinyamaza kwa adabu ya ng'ombe. Kama ningesema "ni wa baba yangu, alimwekesha kwa yule mama pale juu," pengine wangenipeleka kwake na mambo yangeisha. Lakini nilikuwa nimelelewa hivyo, na siri ya baba ilikuwa mdomoni mwangu. Nilibabaika. Nikasema nimetumwa. Walipouliza nimetumwa na nani, nikanyamaza tena.

"Huyu ni ng'ombe wa yule bibi," mwingine akasema. "Namjua. Mwizi huyu."

Akapiga yowe.

Asiyetoka kwetu huenda asijue yowe ni kitu gani. Likipigwa, kila mwanamume anatoka na alichokishika, kwa sababu asiyeitikia yowe anahesabiwa kuwa naye ni mwizi. Hivyo wanakuja wote: wakali na wapole, mwenye hasira na mwenye kuogopa kuonekana hana hasira. Niliwaona wakishuka kwenye korongo kutoka pande zote, wengine wamevaa nusu, mmoja ana povu la sabuni shavuni. Nilipowaona niliogopa kiasi kwamba kila nilichopata kujua maishani kilinitoka, kikabaki kitu kimoja. Nikalala kifudifudi, nikashika nyasi.

Mtu si nyati. Mtu aliyelala ndiye rahisi kuliko wote.

Fimbo za kwanza zilinipata mgongoni. Nilikuwa nimeukinga uso kwa mkono, na kupitia chini ya kiwiko niliona miguu tu. Ndala, miguu mitupu, na karibu kabisa na pua yangu jozi ya gambuti nyeupe, ya kulia ina kiraka cheusi cha mpira wa baiskeli kwenye kidole gumba. Kiraka kile nilikisoma kama mtu anayesoma maandishi ya mwisho maishani mwake. Nikasikia mtu akisema petroli. Mwingine akasema pikipiki iko kule juu. Nilijaribu kusali Baba Yetu, nikaishia kwenye "uliye," nikaanza tena, nikaishia palepale.

Kisha kukawa giza. Kitu kilinilalia, kikanuka moshi na maziwa. Nikasikia fimbo ikishuka, nikaisikia ikifika, na haikufika kwangu. Ikafika nyingine. Nilisikia mfupa. Na wazo langu la kwanza, kabla ya huruma, kabla hata ya kujua ni nani aliye juu yangu, lilikuwa: si mimi. Nilifurahi. Chini ya lile shuka la bluu, katika lile giza, nilifurahi.

Yule mama alipopata pumzi alipaza sauti kwa Kiiraqw. Hakusema waniache wala wanihurumie. Alisema ng'ombe yule si wake, ni wa baba yangu, akamtaja. Watu wakasitasita. Mtu akasema anamtetea kwa sababu amelogwa. Ndipo akainua kichwa, akasema, "Hata wale wengine si wangu. Wote zizini ni wa watu. Mimi sina ng'ombe hata mmoja. Nendeni mkaulize." Akaanza kutaja wenyewe, mmoja baada ya mwingine, mbele ya korongo zima.

Kimya kilichofuata kilikuwa cha aibu, na haikuwa aibu ya kunipiga mimi. Walikuwa wamemwona mwanamke mzima akijivua mbele yao. Miaka yote walimwita mwenye ng'ombe, walimpa nafasi ya mbele kwenye harusi, walimtoza mchango wa kigango akautoa kwa kujinyima. Sasa wote walijua. Fimbo zikashushwa. Gambuti zile zikarudi nyuma, zikageuka, zikaondoka.

Nyumbani nilimweleza baba yote. Alisikiliza macho yakitazama paa.

"Alisema mbele za watu?"

"Alisema, baba."

"Wote aliwataja?"

"Wote."

Akageukia ukutani. "Basi hana kitu tena yule," akasema.

Ng'ombe aliuzwa, baba alitibiwa, na bado baba alikufa. Tulimzika baada ya mavuno. Yule mama alikuja msibani mkono wake wa kulia umefungwa ubao, na baadaye ubao ulipotolewa mkono ulibaki umepinda kiwikoni, vidole havifungi. Mkono wa kukamulia ndio huo. Wazee wa pande mbili za bonde walikaa, wakazungumza, wakasema yaishe. Hakuna aliyesema ni fimbo ya nani. Yowe halina mwenyewe.

Tangu utoto nimesikia kwamba Yesu alikufa kwa ajili yetu. Tunalisema upesi, kama tunavyojibu "salama" tukiulizwa habari hata kama jiko limeungua. Nilipokuwa mtoto, Ijumaa Kuu ilikuwa siku niliyoipenda kwa sababu kwenye Njia ya Msalaba watoto waliruhusiwa kupiga kelele. Tulisubiri kituo cha kwanza ili tupaze "Asulubiwe!" kwa nguvu zetu zote, tukishindana. Hakuna aliyetuambia kwamba sauti ile inasikika tofauti ukiwa chini.

Baada ya korongo nilitegemea kwamba nitakuwa na shukrani nyingi, na kwamba sasa nitaelewa yale yote tuliyofundishwa kuhusu wokovu. Nilichokuwa nacho ni hofu. Niliogopa watu wakikusanyika. Niliogopa vigelegele, niliogopa goli likifungwa kwenye banda la video, kanisani nilikaa karibu na mlango. Kuliko vyote hivyo nilimwogopa yule mama. Jirani akikupa kikapu cha viazi unajua la kufanya: unarudisha kikapu na kitu ndani. Mtu akipigwa fimbo yako, unamrudishia kitu gani? Nilikuwa nikimwona kwa mbali sokoni, mkono wake umening'inia chini ya shuka, nami nikipita nyuma ya vibanda. Nilianza kuelewa kwa nini watu wengi hawapendi kuutazama msalaba kwa muda mrefu. Tunadhani ni heshima.

Mwishowe alinitumia ujumbe kupitia dada yangu. Ulikuwa mfupi: aje akamue.

Nikaenda, maana ningekataa vipi. Kukamua kwetu ni kazi ya wanawake, na watu walinicheka njiani, lakini mpishi ameshazoea. Wenye ng'ombe walikuwa wamewachukua karibu wote baada ya siri kutoka; walibaki wawili, wenyewe wakisema wamemwachia kwa huruma, neno ambalo yeye alilichukia. Nikawa navuka bonde asubuhi na jioni. Kila safari nilipita kwenye boma moja lenye uzio wa miti ya mnyaa, na juu ya nguzo mbili za uzio kulikuwa na gambuti nyeupe zimefunikwa kichwa chini zikauke. Ya kulia ilikuwa na kiraka cheusi. Mwenyewe alikuwa mwanamume wa umri wangu, mwenye mabega, mwenye watoto wadogo. "Habari za asubuhi," alisema kutoka mbali. "Nzuri," nilijibu, na miguu yangu ikaongeza mwendo bila kuniuliza. Mwaka karibu wote tulisalimiana hivyo.

Jioni moja nikiwa nimeinamia kiwele, nilimuuliza yule mama kitu kilichokuwa kimenikaa kooni.

"Mama, siku ile hukuogopa?"

"Nani amekwambia sikuogopa?" Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anamfukuza ndama kwa mguu. "Nilisikia yowe, nikajua ni wewe. Niliogopa magoti yakagongana. Nikaanza kukimbia. Mtu akiogopa si anakimbia? Nilipofika katikati ndipo nikaona kwamba nakimbilia huko huko."

"Na ng'ombe? Kwa nini uliwataja wote?"

"Mmoja wasingeamini," akasema. "Angalia, unamwaga maziwa."

Nililitafakari jibu lile muda mrefu kuliko mahubiri yoyote. Wahubiri wengi niliowasikia wanampitisha Yesu bustanini kwa haraka, kama watu wanaomficha ndugu aliyelewa mbele ya wageni. Wanataka kufika msalabani ambako anasema maneno makubwa. Lakini imeandikwa kwamba pale bustanini alihuzunika, akatoka jasho zito, akaomba kikombe kiondolewe, akawaamsha rafiki zake ili asiwe peke yake. Mimi hali ile naijua. Ile ni hali ya mtu anayetaka kusindikizwa na mlinzi. Siku zote nilidhani mwokozi ni mtu asiyeogopa, ndiyo maana nilijihesabu niko mbali naye. Kumbe aliogopa kama mimi, ila akakimbilia huko huko.

Kwaresima ilipokaribia mwisho, katekista wetu alikuja nyumbani. Ni mzee mkavu, mwalimu mstaafu, hazungumzi neno la ziada. Parokia yetu inakusanya vigango vyote Ijumaa Kuu, na Njia ya Msalaba inaigizwa toka barabarani mpaka juu ya kilima kilipo kanisa. Aliyekuwa akiigiza Yesu miaka yote alikuwa amehamia Arusha kuendesha bodaboda.

"Umekonda," katekista akasema. "Na ndevu unazo."

"Siwezi, mwalimu."

"Sababu?"

Nikamwambia mgongo unaniuma. Akatazama mgongo wangu, ambao asubuhi hiyo ulikuwa umebeba ndoo mbili kutoka bombani. Aliaga akasema atarudi.

Jioni nilimsimulia yule mama, nikitegemea anionee huruma. Watu walewale, nilimwambia. Vigango vyote. Watanizunguka, watapiga kelele ileile, nami niko katikati na mikono imefungwa.

"Kataa," akasema. "Lakini mwambie unaogopa. Usimdanganye mzee na habari za mgongo."

Katekista aliporudi nikamwambia: naogopa. Neno hilo lilitoka kwa shida. Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mwalimu aliyepata jibu alilokuwa akilisubiri darasani.

"Vizuri," akasema. "Yule wa Arusha alikuwa haogopi. Aliigiza vibaya."

Hivyo ndivyo nilivyokubali, na mpaka leo sijui kama nilikubali au nilizungukwa.

Siku yenyewe mawingu yalikuwa yameshuka kutoka msitu wa Ngorongoro, udongo mwekundu umelowa, unashika viatu. Msalaba ulikuwa wa mkaratusi mbichi, mzito kuliko nilivyoambiwa. Walinivika kanzu nyeupe ya padre iliyokuwa fupi, wakanifunga mikono kwa kamba ya katani. Kamba ile ilikuwa ya ng'ombe. Niliinusa, na pumzi ikaanza kunipotea.

Kwenye kituo cha kwanza katekista alisoma swali la Pilato. Watu wakajibu: "Asulubiwe!"

Walikuwa mamia, wakubwa kwa watoto, na watoto walishindana kama tulivyoshindana sisi. Nilitafuta njia ya kutoka, nikaiona, kati ya wanakwaya na mtaro, na ninakiri nilipima kama naweza kuruka mtaro nikiwa na kanzu. Kilichonizuia haikuwa imani. Nilimwona yule mama amesimama upande wa akina mama, shuka lake la bluu begani, mkono umepinda mbele ya tumbo. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa ananitazama kama anavyomtazama ndama mkorofi.

Nikaubeba. Kwenye kituo cha tatu Yesu anaanguka mara ya kwanza, na maigizo yanataka uanguke kwa mpangilio, goti moja kwanza. Niliteleza nikaanguka kweli, kifudifudi, msalaba ukanibana begani. Uso wangu ukawa kwenye matope, na mbele yangu kukawa na miguu. Ndala, viatu vya kanisani, miguu mitupu. Nikashika nyasi. Mikono yangu ilifanya hivyo yenyewe, na nilikaa pale muda mrefu kuliko kituo kinavyotaka, mpaka askari, ambao ni vijana wa kwaya waliovaa magunia yaliyopakwa rangi nyekundu, wakanong'ona kwamba niamke, nikainuka.

Katika parokia yetu Simoni wa Kirene, wa kituo cha tano, hachaguliwi kabla. Askari wanamkamata mtu yeyote kutoka kwenye umati, kama ilivyokuwa siku ile, na aliyekamatwa haruhusiwi kukataa. Watu wanapenda sehemu hiyo, wanasukumana na kucheka, wenye suti wanajificha. Vijana wale walitafuta mwenye mabega. Niliinamisha kichwa nikisubiri, na matopeni pembeni yangu zikasimama gambuti nyeupe, ya kulia ina kiraka cheusi cha mpira wa baiskeli.

Sikuinua macho. Nilijua kwamba nikiinua nitakimbia. Nikamsikia akiinama, akashika mti wa msalaba kwa nyuma, uzito ukapungua begani mwangu. Alikuwa anahema kwa nguvu kuliko kazi ile inavyostahili. Mti ulikuwa unatikisika, na haukuwa unatikiswa na mimi tu. Ndipo nilipojua kwamba mtu yule, mwenye mabega yale, naye ananiogopa. Mwaka karibu wote aliponisalimia kutoka mbali alikuwa ananiogopa.

"Twende," akasema chinichini. "Nimeshika."

Tukapanda kilima hivyo, mimi mbele, yeye nyuma, hakuna aliyemtazama mwenzake.

Juu walinifunga msalabani kwa kamba, miguu kwenye kibao, wakausimamisha kwenye shimo na kushindilia mawe. Kutoka pale niliona bonde lote, pande zote mbili, na korongo katikati yake, dogo. Kulikuwa na sentensi moja ya kusema kabla ya kufa, fupi, kila Mkristo anaijua, ya kumwomba Baba awasamehe. Nilikuwa nimeirudia jikoni mara nyingi mbele ya sufuria.

Haikutoka.

Nilimwona mwenye povu la sabuni, siku hiyo amenyoa vizuri. Niliwaona vijana wawili wa majembe, mmoja ameshika kitabu cha nyimbo. Nilimwona mwenye gambuti amesimama peke yake chini ya msalaba, kwa sababu hakuna aliyemwambia Simoni aende wapi akimaliza. Na nikafikiri: mimi ni nani wa kuwasamehe? Mimi nilipigwa kidogo. Fimbo kubwa ilikuwa yangu, lakini hakuipokea huyu aliyefungwa hapa juu. Nikisema maneno yale nitakuwa nagawa kitu cha mtu mwingine. Hofu ikanipanda upya, mbaya kuliko ya kituo cha kwanza, kwamba nitakaa pale juu mdomo wazi mpaka giza. Katekista akakohoa. Akakohoa tena. Nikamtafuta yule mama katika umati, nikamwona, naye akaona kwamba namtafuta.

Alisogea mbele mpaka karibu na mwenye gambuti. Akatazama mawingu, akanitazama mimi.

"Sema, mwanangu," akasema kwa sauti ya kawaida, ile ya kwenye kigoda. "Sema. Mvua inakuja."

Nikasema. Sauti yangu ilikatika katikati, na wengine baadaye walinisifu kwamba niliigiza vizuri. Nililisema kama neno la yule mama, si langu, alinituma nami nikalifikisha, na nadhani mdomo wa binadamu hauwezi kulisema neno lile kwa namna nyingine. Mwenye gambuti aliinamisha kichwa. Yule mama alilitandua shuka lake kwa mkono wa kushoto, akajifunika kichwa, kwa sababu matone yalikuwa yameanza.

Walipotakiwa kunishusha, vijana wa kwaya walikuwa wamekimbilia chini ya paa la kanisa na mavazi yao ya magunia. Alibaki katekista, na mwenye gambuti. Huyo wa gambuti alipanda kwenye mawe, akanifungua mkono mmoja, akauweka begani kwake, akafungua wa pili. Nilikuwa nimekufa ganzi, nikamwangukia mzima mzima. Alinishika. Alinishusha taratibu, mkono wake mmoja nyuma ya kichwa changu, akanilaza kwenye nyasi kwa mgongo, uso juu. Mvua ilikuwa inatupiga wote wawili. Kwa mara ya kwanza nilimwona uso wake kwa karibu, nao ulikuwa uso wa kawaida tu.

"Umeumia?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo.